Tusimhukumu Mchezaji Kabla ya Kuisoma Ratiba Yake

Mara nne kila mwaka, mashindano makuu ya tenisi yanapochezwa Melbourne, Paris, Wimbledon na New York, huzuka humu nchini mjadala ambao zamani haukusikika ila katika vilabu vya watu wachache wenye nafasi. Leo mjadala huo umetoka vilabuni. Utausikia ndani ya matatu zinazotoka Nairobi kuelekea Thika, katika vyumba vya walimu wakati wa chai ya saa nne, katika mabweni ya vyuo vikuu, na hata katika vibanda vya chai huku Gatongora, wadi ya eneo la Ruiru ambako mashamba ya kahawa yamekatwakatwa kuwa ploti na ambako watoto wengi hawajapata kushika raketi. Mashabiki hao hawakosi habari. Wanajua nani ni nambari ngapi duniani, nani amemtimua kocha wake na nani anauguza goti.

Hata hivyo, hukumu zao takriban zote huishia mahali pamoja: fulani ana fomu, fulani hana fomu. Mchezaji akishindwa leo, huambiwa amekwisha. Akishinda kesho kutwa, wale wale waliomzika humfukua na kumvika taji. Sina ugomvi na ushabiki, kwa kuwa mchezo usio na mabishano ni kama ngoma isiyo na wachezaji. Ugomvi wangu ni na hukumu inayotolewa kabla ya ushahidi kusikizwa. Na katika tenisi, ushahidi ulio muhimu kuliko mwingi ni ratiba. Ninakusudia kuonyesha katika makala haya kwamba fomu ya mchezaji haisomeki pasipo ratiba yake. Kisha nitaonyesha kwamba jambo hili linatuhusu sisi walimu na wanafunzi zaidi ya tunavyodhani.

Kwa kuwa kazi yangu ni isimu, msomaji aniwie radhi nikianza na maneno. Neno fomu limeingia Kiswahili cha Kenya kwa milango mingi. Lilipoingia kwa mlango wa ofisi, likawa karatasi ya kujazwa. Kwa mlango wa shule likawa kidato, na ndiyo maana wazee wetu bado husema mtoto yuko fomu tatu. Uwanjani ndiko lilikopata maana ya hali nzuri ya mchezaji. Lakini vijana wa Ruiru, kama vijana wa Nairobi, wamelifungulia mlango mwingine. Wanapokutana jioni huulizana, "Fom ni gani?" Hawaulizani habari za misuli wala kidato. Wanaulizana mpango ni upi, yaani leo kutafanyika nini, wapi, na saa ngapi. Walimu wengi huikemea Sheng kwa kuiharibu lugha, na pengine mara nyingine wana haki. Katika neno hili, hata hivyo, Sheng imegusa ukweli ambao wachambuzi wa michezo huupita. Imeitia fomu na ratiba katika neno moja.

Ratiba nayo ina ukoo wake. Ratiba, utaratibu, taratibu, mratibu na kitenzi kuratibu ni ndugu waliotoka katika shina moja la Kiarabu lenye maana ya kupanga vitu vikakaa mahali pake. Kwa hiyo mtu anayefanya jambo taratibu hafanyi polepole tu. Analifanya kwa mpango. Ratiba isiyompa mwanadamu nafasi ya kwenda taratibu imeusaliti ukoo wake. Naam, na yapo mashindano makubwa ambayo ratiba zake zimesaliti ukoo huo waziwazi.

Tuchukue mfano wa Andy Murray wa Uingereza. Mwezi Januari mwaka 2023, katika raundi ya pili ya mashindano ya Australia, alipambana na Thanasi Kokkinakis, mwana wa nchi hiyo hiyo. Mechi ilianza usiku saa nne na dakika ishirini. Murray alipoteza seti mbili za kwanza, akajikokota, akashinda tatu zilizofuata. Walipoachana, ilikuwa saa kumi na dakika tano za alfajiri. Wanaume hao wawili walikuwa wamekimbizana kwa saa tano na dakika arobaini na tano, na Murray alikuwa na umri wa miaka 35 na nyonga ya chuma aliyotiwa na wapasuaji. Siku iliyofuata ile alfajiri aliitwa tena uwanjani, akashindwa na Roberto Bautista Agut wa Uhispania kwa seti nne. Je, tuseme Murray hakuwa na fomu? Mtu aliyeweza kufuta upungufu wa seti mbili alfajiri alikuwa na fomu ya kutosha. Alichokosa ni usingizi.

Hapa pana jambo ambalo shabiki wa Gatongora hana budi kulitia akilini. Katika majira hayo ya mwaka, saa za Melbourne hutangulia zetu kwa saa nane. Mechi ile ilipoanza usiku wa Australia, kwetu ilikuwa saa nane na dakika ishirini za mchana. Ilipokwisha, kwetu ilikuwa saa mbili na dakika tano za usiku, wakati ambapo watu wamekwisha kula ugali wao na kunyoosha miguu. Mtazamaji aliyeshiba humwona mchezaji akivuta miguu, akasema, "Huyu ni mvivu." Hajui kwamba anayemtazama yuko alfajiri, saa ambayo hata mlinzi wa lango husinzia. Runinga hutuletea picha ya mchezaji, lakini haituletei saa yake. Saa tunayoitumia kumhukumu ni ile iliyotundikwa ukutani kwetu.

Mwaka uliofuata wasimamizi wa mashindano hayo walijaribu kujirekebisha. Mwaka 2024 walianza mashindano siku ya Jumapili badala ya Jumatatu, wakiongeza siku moja ili mechi za usiku wa manane zipungue. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, mwaka huo huo Daniil Medvedev wa Urusi alimaliza mechi yake ya raundi ya pili dhidi ya Emil Ruusuvuori saa tisa na dakika thelathini na tisa za usiku. Alikuwa ameachwa nyuma kwa seti mbili, akashinda. Akaendelea hivyo, mechi ndefu baada ya mechi ndefu, mpaka fainali. Katika fainali alitangulia kwa seti mbili dhidi ya Jannik Sinner wa Italia, kisha mafuta yakamwishia kwenye taa. Sinner akachukua seti tatu zilizosalia na kombe. Medvedev alikuwa amekaa uwanjani kwa zaidi ya saa 24 katika mashindano hayo mamoja, muda ambao hakuna mchezaji aliyepata kuufikia katika mashindano makuu kabla yake. Sitaki kumnyima Sinner haki yake, kwani alicheza kwa akili na ujasiri. Nasema tu kwamba anayesimulia fainali ile bila kuzitaja saa zile anasimulia nusu ya hadithi.

Mfano wa tatu ndio unaofundisha zaidi, kwa sababu una pande mbili. Mwaka 2024 Novak Djokovic wa Serbia aliingia Roland Garros akiwa bingwa mtetezi, na hakuwa ametwaa kombe lolote mwaka huo. Mashabiki walikuwa wamekwisha kumwandikia tanzia. Mvua ilivuruga ratiba za Paris, mechi yake na Lorenzo Musetti ikaanza usiku sana, ikaisha saa tisa na dakika saba. Ushindi huo ulikwenda hadi seti ya tano. Siku moja baadaye, yaani Jumatatu, alicheza tena seti tano dhidi ya Francisco Cerúndolo wa Argentina, akaumia goti, akashinda, kisha akajiondoa kabla ya robo fainali na kupasuliwa. Siwezi kuapa kwamba ni usiku ule uliolivunja goti lile, kwa maana mchezaji huweza kuteleza hata mchana kweupe. Lakini mtu mwenye miaka 37 anayelala jua likichomoza Jumapili na kutakiwa uwanjani Jumatatu hapewi nafasi ambayo mwili wake unahitaji.

Upande wa pili ni huu. Mtu huyo huyo alicheza fainali ya Wimbledon mwezi Julai, akashindwa na Carlos Alcaraz wa Uhispania. Tarehe 4 Agosti, katika uwanja ule ule wa Paris uliomwona akichechemea, alimshinda Alcaraz huyo na kutwaa dhahabu ya Olimpiki, tuzo pekee kubwa ambayo alikuwa hajaipata. Waliosema mwezi Juni kwamba amekwisha, walimeza maneno yao kabla ya mwezi wa tatu kukatika. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Chombo hicho kilikuwa kizima kwa ndani. Kilichohitajika ni kupewa muda wa kutiwa kalafati.

Basi ni nani anayepanga ratiba hizi? Jibu rahisi ni wasimamizi wa mashindano. Jibu la kweli ni kwamba runinga ina sauti kubwa mezani pao. Tangu mwaka 2021 Roland Garros imekuwa na kipindi maalumu cha usiku chenye mechi moja tu, na haki ya kuonyesha kipindi hicho huko Ufaransa iliuzwa kwa kampuni ya Amazon. Palipo na mechi moja pana uteuzi, na palipo na uteuzi pana anayeachwa. Walioachwa zaidi ni wanawake. Mwaka 2024 hakuna hata mechi moja ya wanawake iliyopewa usiku huo. Mwaka 2025 Ons Jabeur wa Tunisia, Mwafrika aliyefika fainali ya Wimbledon mara mbili mfululizo, mwaka 2022 na 2023, alisema hadharani kwamba jambo hilo si la haki. Hoja ya wasimamizi ni kwamba mechi za wanawake, zinazochezwa kwa seti tatu, huweza kuisha mapema na kumwacha mwenye tikiti akilalamika. Lakini hoja hiyo inajizunguka kama mbwa anayefukuza mkia. Watu hawapendi wasichokizoea, nao hawawezi kukizoea wasichoonyeshwa. Msomaji anayefuatilia hatima ya Kiswahili katika ofisi zetu ataitambua hoja hiyo mara moja, maana ndiyo inayotumiwa kukinyima Kiswahili nafasi: hakitumiwi kwa sababu hakijatumiwa.

Lipo mashindano moja ambalo usiku wake una kikomo. Wimbledon huzima mchezo saa tano za usiku. Mwaka 2023 Djokovic alikuwa akiongoza kwa seti mbili dhidi ya Hubert Hurkacz wa Poland saa hiyo ilipogonga; wakaenda kulala, wakamaliza kesho yake. Jambo la kuchekesha ni kwamba sheria hii haikutungwa kwa ajili ya wachezaji. Uwanja mkuu ulipojengewa paa mwaka 2009, baraza la mtaa wa Merton lilitaka kuwalinda wakazi wa jirani dhidi ya makelele ya watazamaji wanaorudi makwao usiku wa manane. Kwa maneno mengine, usingizi wa mabingwa wa dunia unalindwa na diwani anayejali usingizi wa wapiga kura wake. Hilo lanatosha kutuonyesha kwamba ratiba si amri ya mbinguni. Ni kazi ya mikono ya watu, na watu wakitaka huibadilisha. Vyama vinavyosimamia ziara za wachezaji wa kulipwa, ATP na WTA, vilitangaza Januari mwaka 2024 kwamba mechi katika mashindano yao zisianzishwe baada ya saa tano za usiku. Kwa bahati mbaya yale mashindano manne makuu yana wenyewe, nayo hayafungwi na kanuni hiyo.

Nayajua majibu ya upande wa pili, tena yana uzito. Shabiki mmoja atasema kwamba ratiba ni ile ile kwa wote, na kwamba bingwa wa kweli hujulikana katika shida. Atanikumbusha kwamba mwezi Septemba mwaka 2022, Carlos Alcaraz alimaliza robo fainali yake dhidi ya Sinner huko New York karibu saa tisa za usiku, na bado akashinda nusu fainali, akashinda fainali, akawa nambari moja duniani akiwa na miaka 19. Ni kweli tupu. Sikusema kwamba ratiba huamua kila kitu. Kama ingeamua kila kitu, tusingekuwa na haja ya kucheza. Tungesoma karatasi tu na kugawa makombe.

Walakini, mtu akiuangalia vizuri mfano huo ataona kwamba unaniunga mkono. Anayetaka kuusifu ushindi wa Alcaraz hawezi kuusifu ipasavyo mpaka ataje saa aliyolala. Ratiba ndiyo inayomwezesha kusema ushindi ule ulikuwa mkubwa kiasi gani. Ikiwa tunaisoma ratiba ili kumtukuza aliyeshinda, kwa nini tusiisome ili kumtendea haki aliyeshindwa? Tena si kweli kwamba ratiba ni ile ile kwa wote. Aliyepewa mechi ya saa tano asubuhi hulala mapema, na aliyepewa mechi ya mwisho hungoja bila kujua ataitwa lini, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Wote wawili wako katika karatasi moja, lakini hawako katika siku moja.

Sasa turudi nyumbani. Mwezi Julai mwaka 2022 Mkenya Angella Okutoyi aliandika historia ambayo haitafutika. Akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili huko Wimbledon, akawa Mkenya wa kwanza kushinda taji katika mashindano makuu ya tenisi. Walishinda fainali kwa 3-6, 6-4 na 11-9. Ng'ambo ya wavu walisimama Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko, ambaye wazazi wake wanatoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Miaka mitatu baadaye, Agosti mwaka 2025, Mboko huyo, akiwa na miaka 18, alitwaa ubingwa wa wanawake wa Montreal kwa kumshinda Naomi Osaka wa Japani katika fainali, baada ya kumwondoa Coco Gauff wa Marekani njiani. Okutoyi, kwa upande wake, alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn nchini Marekani, na mwezi Machi mwaka 2024 aliishindia Kenya dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika mjini Accra. Olimpiki ya Paris ya mwaka huo hakuicheza.

Hapa ndipo mashabiki wetu hupenda kuuliza: mbona mwenzake amepaa na wetu hasikiki? Wengine hujibu upesi kwamba Mkenya amepoteza makali. Mimi nasema tusome ratiba zao wawili. Mboko aliingia Montreal kwa kadi ya mwaliko, ambayo wenye mashindano huwapa watu wao. Mcheza kwao hutunzwa. Kenya haina mashindano ya wanawake ya daraja hilo, kwa hiyo haina kadi ya namna hiyo ya kumpa mtoto wake. Kadhalika, mwanafunzi anayechezea chuo cha Marekani huwa na msimu wake wa chuo, masomo yake na mitihani yake, na mashindano ya kulipwa huyacheza katika nafasi zinazobaki. Hiyo si aibu, kwa kuwa shahada ni mali. Lakini ni ratiba nyingine kabisa, na fomu inayotokana nayo haiwezi kupimwa kwa mizani ya mtu anayecheza ziara mwaka mzima. Msichana aliyelelewa na nyanya yake katika nyumba za wafanyakazi wa shule mjini Nairobi, akafika alipofika, hakukosa makali. Kama kuna lililokosekana, ni kalenda.

Makali ni neno linalostahili kutazamwa. Waandishi wa michezo hulipenda: fulani amerejelea makali yake, fulani makali yake yamepungua. Kila mkulima wa Kiambu anajua kwamba panga hupoteza makali kwa njia mbili. La kwanza ni lile linalokatishwa kuni usiku kucha bila kupumzishwa. La pili ni lile linaloachwa darini bila kutumiwa mpaka likashika kutu. Wachezaji wakubwa wa Paris na Melbourne wako katika hatari ya panga la kwanza. Watoto wetu wako katika hatari ya yote mawili kwa wakati mmoja: akili zao zinakatishwa kuni usiku kucha, na miili yao imeachwa darini.

Nina maana gani? Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zilitaja saa za shule za kutwa za umma waziwazi. Masomo ya darasani ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, na kuanzia hapo hadi saa kumi na dakika arobaini na tano ni wakati wa shughuli za nje ya darasa, yaani michezo, muziki, uigizaji na vyama. Hiyo ni saa moja na robo kila siku ya juma, iliyoandikwa katika sheria. Mwalimu anayesoma makala haya na aulize nafsi yake saa hiyo huenda wapi. Katika shule nyingi imemezwa na masomo ya ziada. Mtoto huamshwa alfajiri kama Murray, huketishwa mpaka jioni kama Medvedev, kisha matokeo ya mtihani wa majaribio yakitoka huandikiwa kwenye ripoti kwamba ameshuka. Ameshuka kutoka wapi? Nani alimpangia siku yake?

Jambo hili lina uzito wa pekee sasa, kwa kuwa mtaala wa umilisi umeufanya mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mmoja wa mikondo mitatu ya sekondari pevu. Tumewaahidi watoto kwamba mwenye kipaji cha michezo atasoma michezo kama mwenzake asomavyo fizikia. Ahadi hiyo haiwezi kutimizwa na vitabu peke yake. Fizikia huhitaji maabara, na tenisi huhitaji kiwanja, raketi, mipira na muda. Katika sehemu kama Gatongora, ambako ardhi inauzwa kwa vipimo vya nusu ya robo ekari, kiwanja cha shule kisicholindwa kwa hati hakitadumu. Na hata pale kiwanja kilipo, hakina faida kama ratiba imeifuta saa ya kukitumia.

Tazama pia mashindano yenyewe ya shule. Timu hupanda ngazi kutoka eneo hadi kaunti ndogo, kaunti, kanda, taifa, na hatimaye Afrika Mashariki. Mwanafunzi aliye hodari hupitia ngazi hizi katika wiki chache za muhula, mara nyingine akicheza mechi zaidi ya moja kwa siku, kisha hunyamazishwa hadi mwaka ujao. Huko ni kumfanya panga la kwanza kwa mwezi mmoja na panga la pili kwa miezi kumi na mmoja. Wasimamizi wa michezo ya shule wangeweza kuzitawanya mechi hizo katika Jumamosi za mwaka mzima, shule jirani zikichezeana nyumbani na ugenini. Nauli ya kutoka Gatongora hadi Ruiru mjini haiwezi kulinganishwa na gharama ya kuwasafirisha na kuwalaza watoto mbali kwa wiki nzima.

Kwa mashabiki wenzangu nina ombi dogo. Kabla hatujatamka kwamba mchezaji hana fomu, tujiulize maswali matatu. Alimaliza mechi iliyopita saa ngapi za huko aliko, si za kwetu? Alipumzika siku ngapi? Na ratiba hiyo ilipangwa kwa faida ya nani? Maswali hayo hayatauua mjadala wetu, yataunenepesha. Mtu atakayeyajibu, kisha akasema bado fulani ameshuka kiwango, nitamsikiliza kwa heshima, maana atakuwa amesema jambo analolijua.

Kwa walimu ombi langu ni hilo hilo katika vazi jingine. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayesinzia darasani ana haki ya kuulizwa alilala saa ngapi kabla ya kuitwa mjinga. Na wakuu wa shule, ambao ndio waandaaji wa mashindano yetu ya kila siku, hawahitaji kungoja waraka mpya kutoka wizarani. Sheria ipo tangu mwaka 2015. Kengele ya saa tisa na nusu ikilia, wawaachie watoto waende uwanjani.